Gari la Buluu na Chupa ya Chai

Nafula alikuja kwangu mtaani Umoja Jumamosi ya pili baada ya kumzika baba yake. Alibeba mfuko wa karatasi, na kabla hata hajaketi akautoa mzigo wenyewe na kuuweka mezani katikati ya vikombe. Ilikuwa chupa ya chai, nyekundu, yenye maua meupe, na kifuniko chake kilikuwa na ufa upande mmoja, pale nilipoiangusha mwenyewe kwenye ngazi za nyumba yetu ya mtaa wa Tena, Nairobi, nikiwa na miaka ishirini na tatu. Mimi ni mtu wa maneno, waulize majirani, lakini pale nilishindwa hata kumwambia mgeni karibu. Nikakaa. Baba yake, Mzee Wanjala, alikuwa mlinzi wa geti letu mwaka ule, na sikuwa nimemwona tangu asubuhi aliyofukuzwa, wala hiyo chupa tangu kabla ya siku hiyo. "Baba alisema nikuletee," Nafula akasema. "Na kuna maneno alinipa nikwambie. Lakini kwanza anti, nisaidie na maji, jua ni kali huko nje." Nikaenda jikoni kumtekea maji. Nilisimama mbele ya sinki gilasi ikijaa na kumwagika, nikarudi nayo mikono ikiwa imelowa hadi viwiko, na yeye kwa adabu akajifanya hakuona.

Mwaka ule nilikuwa nakaa chumba kimoja Tena, ghorofa ya pili, kitanda upande huu, stovu upande ule, pazia katikati ili mgeni asione nimelala wapi. Dirisha langu liliangalia uwanja ambapo wapangaji waliegesha magari. Kazi yangu ilikuwa kuchora namba za magari kwenye vioo na taa zake. Siku hizo, ukilaza gari kwenye mitaa ya Eastlands bila namba yake kuchorwa kwenye kila kioo na kila taa, asubuhi ungekuta halina macho, na mchana ungeenda mjini kununua macho yale yale uliyoibiwa. Kwa hiyo watu waliniita. Nilikuwa na kimashine kidogo chenye ncha ngumu, na mkono niliourithi kwa baba yangu, mchongaji wa vinyago. Baba alikuwa na tabia moja: chini ya kwato la kila twiga aliweka alama yake, ili vinyago vikirundikwa pamoja ijulikane ni kazi ya nani. Mimi nami, nikishachora namba, nilikuwa nabandua kidogo ule mpira unaozunguka kioo na kuweka alama yangu chini yake, mistari miwili na nukta, kisha naurudisha. Sikumwambia mtu. Kilikuwa kiburi tu, na nilikuwa nacho kingi.

Gari la hadithi hii lilikuwa limekaa pembeni ya uwanja huo miaka mingi, limepandishwa juu ya mawe, magurudumu hayapo. Lilikuwa stesheni wagoni ya Kifaransa, ndefu, iliyoachwa na mpangaji aliyehama na hakurudi, na Mzee Wanjala alikuwa anafugia kuku ndani yake. Wekesa, kijana niliyekuwa nimemkubalia anioe, alikuwa fundi ambaye karakana yao ya Industrial Area ilikuwa imepunguza watu. Akamwendea mwenye ploti, mwenye nyumba wetu, akiwa na maneno matamu, na mwenye ploti akamwambia: ukiliwasha, ni lako, mradi uniondolee hiyo takataka. Tulikuwa tumepanga kwenda kwao Webuye Desemba, nikatambulishwe. Ndugu zake wawili walikuwa wakifika nyumbani kila Krismasi na magari, yeye akifika na beseni kichwani kutoka stejini, kituo cha mabasi. "Mwaka huu," aliniambia, "hakuna kubeba beseni. Nitakupeleka kwetu kama mtu." Nilicheka, lakini nilipenda sana kusikia hivyo. Ninasema ukweli: nililitaka lile gari kuliko yeye alivyolitaka.

Mzee Wanjala ndiye aliyetupisha. Alitoa kuku wake mmoja mmoja kupitia dirishani, akiwaita kwa majina, akatania kwamba serikali imewahamisha bila fidia. Alikuwa mtu wa huko huko kwa kina Wekesa, mwembamba, na kila siku alivaa koti la mvua hata jua likiwaka. Aliniita Nduku mama. Tangu siku hiyo hakuna jioni tuliyolifanyia gari kazi bila yeye kuleta kiti chake na kutusimamia. Sakafu ilikuwa imeoza, unaona mchanga chini ya miguu. Wekesa akaiziba kwa bati la pipa la mafuta, na matobo madogo kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, hivi kwamba ukiinama chini ya kiti cha nyuma ulisoma maandishi ya mkebe. Tangi lilivuja tukaliziba kwa sabuni ya kipande. Gasketi tulizikata kwa mkasi kutoka kwenye boksi la majani chai. Viti nilivishona mimi kwa magunia, nikavijaza nyuzi za katani. Rangi tuliipata kwa kanisa moja lililokuwa limemaliza kupaka geti lake, na ndiyo maana gari letu lilitoka buluu ya mbinguni, limepakwa kwa brashi, ukiliangalia karibu unaona michirizi. Wanawake waliokuwa wakiteka maji mferejini walikuwa hawanyamazi. "Hao wameamua kuoana na chuma," mmoja alisema, mwenzake akamjibu, "Wacha, chuma haiendi kwa mwanamke mwingine." Nilisikia kila kitu kutoka ndani ya gari nikiwa na sindano mdomoni.

Siku injini ilipowaka ilikuwa Jumapili, watu wametoka ibadani. Lilikohoa, likatoa moshi, likazima, likawaka tena, na rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ikaanza kuvuja kama mtoto. Wekesa akatukana. Mzee Wanjala akasimama, akaenda kwenye kibanda chake cha geti, akarudi na yai. Akalipasua, akamimina ute kwenye rejeta, na baada ya muda kidogo maji yakaacha kutoka. Wekesa aliujua mtindo huo kama fundi yeyote, lakini alimwacha mzee afurahie. "Kuku wamelipa kodi," Mzee akasema. Mchana huo tulikula pale pale kwenye boneti iliyokuwa bado moto. Mimi nilileta muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, Mzee akaleta ugali wa wimbi na omena, dagaa wa ziwani, na Wekesa, asiyekuwa na kitu, akaleta chumvi. Nimekula kwenye hoteli za maana baadaye maishani, na sikumbuki nilikula nini hata kwa moja. Muthokoi ule naukumbuka.

Magurudumu Wekesa aliyapata kwa mkopo; vilivyobaki vilikuwa taa za mbele na vioo vya pembeni vya kutazamia nyuma. Bila hivyo polisi wangetusimamisha kabla hata hatujatoka Nairobi, hapo Uthiru, na vitu hivyo huwezi kuvikata kwenye boksi la majani chai. Wekesa alizunguka kwa mafundi wote wa jua kali, wale wa kando ya barabara, aliowajua, akirudi mikono mitupu na uso umekunjamana. Wiki zikaenda. Septemba ikaisha. Jioni moja mwanzoni mwa Oktoba, saa moja hivi, kulikuwa na ukungu na baridi ile inayoingia kwenye mifupa. Wekesa alipika chai chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaijaza kwenye chupa yangu yenye maua. "Mpelekee Mzee," akasema. "Atakufa na baridi huko." Nilimwona ni mtu mwema. Nilishuka na chupa, nikaiacha kwa Mzee pamoja na mandazi mawili, akanishukuru kwa mikono miwili, nami nikamwambia nitaifuata asubuhi.

Asubuhi gari la Baba Mercy halikuwa na taa wala vioo. Baba Mercy ndiye alikuwa mwenyekiti wa wapangaji, karani wa ofisi moja mjini, mtu wa tai, na gari lake lilikuwa ndugu wa letu, aina ile ile ila changa kidogo na linalotembea. Namba zake nilizichora mimi. Geti halikuwa limevunjwa. Mzee Wanjala walimkuta ameketi kwenye kiti chake, kidevu kifuani, na walimtikisa mara nyingi kabla hajafungua macho. Kikao kikaitwa uwanjani jioni hiyo. "Nililala," Mzee akasema. "Sijawahi kulala kazini, lakini jana nililala. Siwezi kudanganya watu." Baba Mercy akamuuliza alilala kwa nini. Mzee aliangalia mikono yake, kisha akasema neno moja tu: "Uzee." Wengi walitaka aondoke hapo hapo. Ni Wekesa aliyesimama akamtetea, akasema huyu ni mzee wetu, apewe muda, labda vitu vitaonekana. Wakampa hadi mwisho wa mwezi: vitu vitokee au yeye atoke, na kibanda chake apewe mwingine. Nilimwangalia Wekesa akiketi nikahisi fahari, nikasema moyoni, huyu ndiye mume. Hadi leo nikikumbuka hisia hiyo uso unanichoma.

Baada ya wiki tatu Wekesa akaja na vitu vimefungwa kwenye magazeti. Akasema kapata kwa jamaa mmoja Mathare anayeuza vya zamani, ameelewana naye. Vioo vilikuwa na kiwingu mahali namba ya kwanza ilipofutwa kwa msasa. Hilo halikunishtua. Nusu ya magari ya Eastlands yalikuwa na kiwingu hicho, na sisi wote tulijifunza kutouliza. Akaniomba nichore namba yetu, tayari kwa safari. Niliketi kitandani na kimashine changu, kioo mapajani juu ya taulo, nikaichora vizuri, kwa mapenzi, kila herufi. Nilipomaliza, kama kawaida yangu, nikabandua mpira wa pembeni ili niweke alama yangu.

Ilikuwa tayari ipo. Mistari miwili na nukta.

Nilikaa nikiiangalia. Kwanza nilifikiri nimechanganyikiwa, kwamba nimeshaichora na kusahau. Nikapitisha kidole, nikahisi vumbi la miezi limejaa kwenye mikwaruzo. Magari ya aina ile nilikuwa nimechora moja tu maishani mwangu. Nakumbuka niliona sufuria ya githeri ikifurika kwenye stovu na kuzima moto na sikuweza kuinuka.

Wekesa aliporudi nilimwonyesha. "Hiki umekitoa wapi?"

"Si nilikwambia. Kuna msee Mathare."

"Wekesa, huu ni mkono wangu."

Aliangalia ile alama. Hakuwa ameijua, na nadhani kilichomkera kwanza ni kwamba nilimficha. Akafuta mikono kwa kitambaa, pole pole, kidole kwa kidole. "Wacha noma, Nduku. Baba Mercy keshanunua zingine. Gari yake inatembea. Yetu ndiyo haioni."

"Na Mzee?"

"Mzee hatafukuzwa, hao ni mdomo tu. Kwani aliumia? Si alilala tu."

"Ulijuaje atalala?"

Hapo ndipo aliponitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayedhani mwenzake anajifanya. "Si ile chai. Niliweka tembe za usingizi za anti yangu. Mbili tu."

"Chai niliyopeleka mimi."

"Sasa ningepeleka mimi angekunywa? Wewe ndiye anakuamini."

Sikupiga kelele. Nimewahi kupiga kelele kwa mambo madogo sana, kwa mkaa, kwa deki ya ngazi, lakini siku hiyo sauti haikuja. Nilimwambia atoke. Nililala na nguo zangu, na kabla hakujapambazuka vizuri nikawa nimepata akili niliyoiona ni ya ajabu. Nitakirudisha kioo. Nilifuta namba yetu kwa msasa hadi kioo kikawa hakionyeshi kitu, nikakifunga kwenye gazeti, nikakiweka mlangoni kwa Baba Mercy na kurudi kwangu kwa vidole vya miguu. Nilidhani nimepatanisha mambo. Mali imeanza kurudi, hasira itapoa, Mzee atabaki na kibanda chake, Wekesa hatauawa, na hakuna atakayejua mimi ni nani katika hadithi hii. Nilichemsha chai yangu nikiwa nimeridhika. Naandika neno hilo kwa aibu, lakini ndivyo nilivyokuwa.

Sauti ya Baba Mercy ndiyo iliyonitoa chumbani. Alikuwa amesimama mferejini na kioo mkononi, akiwaonyesha wanawake. "Ameanza kurudisha," alisema. "Ameona mwezi unaisha, ameogopa." Mama Mercy akasema, "Si nilisema tangu mwanzo ni yeye?" Nani mwingine angepita mlango hadi mlango alfajiri bila kuulizwa, kama si mlinzi? Kila mtu aliliona hilo mara moja, isipokuwa mimi niliyekiweka. Walienda getini wote. Niliwafuata na kikombe changu mkononi, sijui kwa nini sikukiacha. Godoro lilitupwa nje, likafuata jiko, sufuria, koti la Jumapili. Mtu mmoja akasema tairi iletwe achomwe, mwingine akacheka, na hakuna aliyekuwa na hakika kama ule ulikuwa mzaha. Nilifungua mdomo. Nikaona wazi kabisa kitakachotokea nikimtaja Wekesa, na nikaona pia kwamba swali la pili litakuwa chai ililetwa na nani. Nikaufunga.

"Msinishike," Mzee Wanjala akasema. "Natoka mwenyewe." Akakunja godoro lake, akalifunga kwa kamba, akaingia ndani tena, akatoka na furushi amelikumbatia kifuani ndani ya koti la mvua. Kisha akatazama watu wale mmoja mmoja hadi akanipata nyuma.

"Nduku mama," akasema. "Kuku wangu nakuachia wewe."

"Sawa, Mzee," nikasema. Hayo ndiyo maneno pekee niliyotoa siku ile.

Baadaye niliingia kwenye kibanda kutafuta chupa yangu, ambayo tangu wizi ule sikuwa nimekwenda kuifuata, nikaikosa. Nilidhani wameikanyaga, na kusema kweli nilishukuru. Wekesa aliondoka Desemba na gari la buluu, kioo cha pembeni kimoja, peke yake. Nilisimama dirishani nikaliona likikunja kona na mkebe wa mafuta ya kupikia ukimeta chini yake. Nasikia alifika. Kuku niliwafuga kwenye roshani mpaka mwenye ploti akakataa, nikawagawa, sikumchinja hata mmoja. Miaka ikapita, nikaolewa na mtu mwingine, nikahama, nikapata wajukuu. Na wakati wote huo nilikuwa na faraja moja niliyokuwa nikijifunika nayo: Mzee hakujua. Aliondoka akidhani ni uzee. Nilijiambia hivyo mara nyingi hadi ikawa kama jambo nililoliona kwa macho.

Nafula alimaliza maji yake. "Sisi nyumbani tulikuwa na chupa mbovu, chai inapoa kabla ya kunywa," akasema. "Na hii iko kabatini. Mama aligombana naye miaka. Baba hakutaka tuitumie, hakutaka hata ioshwe. Alituambia kazi ya Nairobi iliisha tu, basi."

Nilikizungusha kifuniko. Kilikuwa kigumu, kikatoa sauti. Nilipoinamisha chupa kwenye mwanga nikaona chini kabisa duara la kahawia lililokauka, na katikati yake vumbi jeupe lililogandamana.

"Alisema maneno gani?" nikauliza.

"Alisema, mwambie Nduku sikumwambia mtu." Nafula akanitazama, akasubiri. Anakaa kama baba yake, mikono juu ya magoti. "Hakumwambia mtu nini, anti? Tulimuuliza akakataa."

Nilishika ukingo wa meza. Alijua. Alijua tangu kikaoni, alipokuwa akiangalia mikono yake. Na hakuwa na sababu ya kumfikiria Wekesa hata kidogo, kwa sababu Wekesa hakushika ile chupa mbele yake. Alidhani ni mimi niliyemtilia dawa. Alibeba chupa ndani ya koti lake ili wasiione, akaniachia kuku wake, akaenda kwao na jina la mwizi, akaishi nalo hadi kufa akidhani ni mimi.

Nafula bado alikuwa anasubiri. Nilichukua gilasi yake, nikamwekea maji mengine, nikamwambia asiende mapema. Kisha nikaanza kumsimulia, nikianzia kwenye gari.